Édouard Empain: Kindu iliitwa kwa jina lake, jumba lake la Cairo leo ni la raia wote

Wazee wa Kindu waliosoma shule wakati wa ukoloni wanalikumbuka bado jina la Port-Empain. Lilikuwa kwenye ramani na kwenye karatasi za safari: Kindu-Port-Empain, kituo ambapo mashua zilizotoka Ubundu zilikutana na treni ya kwenda Kongolo. Baada ya uhuru jina hilo liliondolewa na Kindu ikabaki Kindu. Vijana wengi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli hawajui tena Empain alikuwa nani, ijapokuwa reli inayopita katika mji wao ni kazi ya kampuni yake.

Mtu huyo alikufa mwaka wa 1929. Lakini katika miaka hii ya karibuni jina lake limerudi katika habari, kwa sababu jumba alilojijengea Misri, ambalo lilikaa ukiwa kwa miaka mingi, lilitengenezwa upya na kufunguliwa kwa raia mwisho wa Juni 2020. Ni habari inayowahusu pia wakaaji wa Maniema, kwa kuwa mali ya Empain haikutoka Ulaya na Misri peke yake.

Mtoto wa mwalimu

Édouard Louis Joseph Empain alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852 huko Belœil, mji mdogo wa Ubelgiji. Hakuzaliwa katika utajiri. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Kijana Édouard alianza kazi kama mchoraji wa mipango katika kampuni ya chuma na makaa ya mawe. Hapo ndipo alipojifunza namna kiwanda kinavyotembea, na hasa namna mahesabu ya kampuni yanavyofanyika.

Aliona jambo moja ambalo wengi wa wakati wake hawakulitilia maana. Miji midogo na vijiji vya Ubelgiji vilikuwa mbali na reli kubwa za serikali, na watu wake walikuwa wakitembea kwa miguu au kwa magari ya farasi. Empain akajenga reli ndogo za bei nafuu kwenda huko. Mwaka wa 1881 alianzisha benki yake mwenyewe, ili asiwe na lazima ya kupiga magoti mbele ya benki za wengine kila alipotaka kuanza kazi mpya.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Alijenga njia za tramu katika miji ya Ubelgiji na Ufaransa. Mwaka wa 1894 kundi lake lilipata ruhusa ya kuendesha tramu za umeme katika mji wa Cairo. Huko Paris, kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya kuendesha treni ya chini ya ardhi, na njia ya kwanza ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900, wakati mji ulipokuwa umejaa wageni wa maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka wa 1904 alianzisha huko Charleroi viwanda vya ACEC vya kutengeneza mashine za umeme. Mtoto wa mwalimu alikuwa sasa mmoja wa matajiri wakubwa wa Ulaya.

Mkataba na Léopold

Mfalme Léopold wa Pili alikuwa na shida moja katika Dola Huru ya Kongo. Mto ulikuwa njia nzuri, lakini ulikatika. Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko saba ya Boyoma. Kutoka Ubundu hadi Kindu mashua zinapita. Kutoka Kindu kwenda juu, Lualaba inaharibika tena, na karibu na Kongolo inabanwa katikati ya mawe mahali Wabelgiji walipopaita Milango ya Jehanamu. Baada ya Kongolo maji yanatulia tena mpaka Bukama.

Dawa ilikuwa kujenga reli pale tu ambapo mto unakataa, na kuacha mashua zifanye kazi pale unapokubali. Mwezi wa Januari 1902 kampuni ya Empain ikaundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ilijulikana kwa herufi tatu tu: CFL, yaani Reli ya Maziwa Makubwa.

Masharti ya mkataba yalikuwa matamu kwa tajiri. Dola iliahidi kwamba fedha zitakazowekwa katika reli zitapata faida ya asilimia 4, hata kama treni hazitaleta kitu. Tena kampuni ilipewa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi, pamoja na misitu na madini. Watu waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo, katika misitu ya Maniema na kandokando yake, hawakuulizwa.

Kipande cha kwanza, kutoka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kilimalizika mwaka wa 1906 na kina urefu wa kilometa 125 hivi. Cha pili ndicho cha Kindu: kilometa 355 mpaka Kongolo, kikipita Kibombo na Samba. Kilikuwa tayari mwishoni mwa 1910, na mwaka wa 1911 treni zilikuwa zikitembea. Cha tatu, kutoka Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, kilifika ziwa Tanganyika mwaka wa 1915, katikati ya vita. Mwaka uliofuata askari Wakongomani walifika mpaka Tabora.

Kazi hiyo haikufanywa na Empain kwa mikono yake. Dola ilitoa watu vijijini kwa nguvu na kuwapeleka kwenye reli. Walikata msitu, wakapasua mawe, wakabeba traversi na vyuma katika joto, mvua na magonjwa. Wengine hawakurudi kwao. Jina la mwenye kampuni liliwekwa juu ya bandari. Ya wale waliolaza reli hayakuandikwa kwenye kituo chochote.

Hata hivyo reli ndiyo iliyoifanya Kindu iwe mji. Mahali mashua inaposhusha mzigo na treni kuupokea, panahitajika makuli, mafundi, makarani, masoko na nyumba za kulala wageni. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, na Kiswahili, kilichokuwa kimefika Maniema kabla ya hapo pamoja na misafara ya biashara kutoka Zanzibar, kilikuwa lugha ya kuwaunganisha. Léopold alimpa Empain cheo cha baroni mwaka wa 1907, na tangu hapo hakuitwa tena kwa jina lake bila cheo hicho.

Mji katika jangwa

Wakati kampuni yake ilipokuwa ikikata msitu wa Maniema, Empain alikuwa na mpango mwingine Misri. Pamoja na Boghos Nubar, mtoto wa aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, alinunua karibu hekta 2,500 za jangwa kandokando ya Cairo, kwa bei ndogo kabisa, kwa kuwa ilikuwa michanga mitupu. Mwaka wa 1906 kampuni yao ilianza kujenga hapo mji mpya wenye tramu, maji, umeme, barabara pana na bustani. Waliuita Heliopolis, mji wa jua.

Mwaka wa 1907 fedha zilianguka katika Misri na wengi walifikiri baroni amepotea. Lakini alishikilia. Hoteli yake kubwa ilifunguliwa mwaka wa 1910. Leo jengo hilo ni ikulu ya rais wa Misri.

Kwa ajili yake mwenyewe alitaka nyumba isiyofanana na nyingine. Fundi wa mipango, Mfaransa Alexandre Marcel, ambaye alikuwa amekwisha kumjengea Léopold mnara wa Kijapani huko Laeken, alichora jumba lenye sura ya mahekalu ya Angkor huko Kambodia na ya Uhindi. Lilijengwa kwa saruji na vyuma kati ya 1907 na 1911, likiwa na sanamu za tembo, nyoka na miungu ya Kihindi. Watu wa Cairo walisimulia kwamba mnara wake ulikuwa ukizunguka ili baroni afuate jua. Ni hadithi, lakini iliishi kuliko mwenye nyumba.

Katika vita ya kwanza ya dunia Empain alirudi kulitumikia jeshi la Ubelgiji akiwa na cheo cha jenerali, akishughulikia vifaa na silaha. Alikufa tarehe 22 Julai 1929 huko Woluwe, karibu na Bruxelles. Mwili wake ulipelekwa Misri, na akazikwa chini ya kanisa kubwa la Heliopolis, katika mji aliouota.

Nyumba iliyoogopwa

Aliacha vijana wawili, Jean na Louis. Kundi la Empain liliendelea kuchuma katika Kongo. Kampuni ya Symétain, iliyochimba bati huko Kalima na Punia, ilikuwa ya kundi hilo. Huko Kalima ndipo kijana Patrice Lumumba alipofanya kazi ya ofisi kwa muda, kabla ya kwenda Stanleyville.

Jumba la Cairo halikuwa na bahati. Katika miaka ya 1950 jamaa waliliuza kwa watu wa Saudi Arabia, na wenye nyumba wapya hawakulitumia. Milango ilifungwa, vyombo vikaondoka, popo wakaingia. Watu wakasema lina mashetani. Mwaka wa 1997 polisi ya Misri iliwakamata vijana wengi ikiwashitaki kumwabudu Shetani, na jina la jumba likatajwa katika mambo hayo. Kwa miaka mingi wazazi wa mtaa huo waliwakataza watoto kulikaribia.

Serikali ya Misri ililipata jumba mwaka wa 2005. Kazi ya kulitengeneza ilianza mwaka wa 2017 na kugharimu karibu pauni milioni 175 za Misri. Haikukosa kelele. Mwaka wa 2019, kuta zilipoonekana na rangi nyekundu ya matofali, wakaaji wengi wa Heliopolis walikasirika. Walisema jumba lao limeharibiwa, kwa kuwa walizoea kuliona na rangi ya mchanga. Mafundi walijibu kwamba rangi ile ya mchanga ilikuwa vumbi na jua la miaka mingi, na kwamba nyekundu ndiyo ya zamani. Tangu Juni 2020 mtu yeyote anaweza kulipa tiketi, kuingia, kupanda juu na kutazama maonyesho juu ya historia ya mtaa wake. Nje kuna gari la tramu la zamani.

Huko Bruxelles jambo kama hilo lilikuwa limefanyika mapema zaidi. Louis Empain alijenga jumba zuri mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka wa 1937 akalitoa kwa serikali ya Ubelgiji liwe makumbusho. Vita ikaingia, jeshi la Wajerumani likalichukua, na baadaye likapita katika mikono mingi na kuharibika. Shirika la familia ya Boghossian lililinunua mwaka wa 2006, na tangu 2010 ni nyumba ya maonyesho, muziki na mazungumzo.

Upande wa Kindu

Katika majumba hayo mawili, kazi ya mafundi ilikuja pamoja na uamuzi mwingine: nyumba itafanya kazi gani, na nani ataingia. Jumba la Cairo lilikuwa na kuta imara tangu mwanzo. Lilikuwa linakufa kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye sababu ya kufungua mlango wake asubuhi.

Swali hilo linafika pia kandokando ya Lualaba. Reli ya Kindu leo iko mikononi mwa SNCC, na treni ya kutoka Lubumbashi ni ya kungojewa siku nyingi. Mji umebaki na stesheni, bandari na majengo mengine ya wakati wa CFL. Ni urithi wa uchungu, kwa kuwa ulijengwa kwa ardhi iliyochukuliwa na kwa nguvu za watu wasioulizwa. Wengine wanaweza kuona kwamba vitu vya mukoloni viachwe vianguke. Lakini jengo likianguka, linaanguka pamoja na ushuhuda wa waliolijenga, kwa maana hao hawana mahali pengine palipoandikwa kazi yao.

Wamisri hawakulifungua jumba la baroni ili kumshukuru. Walilifungua kwa sababu lilikuwa katika mtaa wao, na watoto wao walikuwa na haki ya kujua mtaa huo ulitoka wapi. Nyumba ya namna hiyo huko Kindu, yenye jukwaa la michezo ya kuigiza na muziki, na ukuta mmoja wa kueleza reli ilijengwa namna gani na kwa jasho la nani, ingekuwa na historia kubwa kuliko ile ya tajiri mmoja.

Wazee waliofanya kazi katika treni za zamani wanapungua kila mwaka. Wao ndio wanaojua majina ya vituo vyote kati ya Kindu na Kongolo, na mambo baba zao waliyowasimulia juu ya kazi ya reli.