Christiaan Huygens na Mwezi wa Zohali

Udogoni mwangu, jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani, tulikuwa tukiteremka pwani pamoja na wazee kuutazamia mwezi. Nilijifunza mapema kwamba kuona si kazi ya macho peke yake. Pana subira ndani yake, na uaminifu: asiyeona hasemi ameona. Nikizikumbuka jioni zile hunijia habari za Mholanzi mmoja, Christiaan Huygens, mtu wa kwanza kuuona mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali.

Bwana huyu alizaliwa The Hague tarehe 14 Aprili, 1629. Baba yake, Constantijn, alikuwa mshairi na mtumishi wa watawala wa nchi, na nyumba yao ilizoea wageni wenye elimu. Kijana alipelekwa Leiden kusomea sheria na hesabu, lakini roho yake ilikuwa kwenye hesabu. Yeye na kaka yake wakajifunza kusaga vioo vya darubini kwa mikono yao wenyewe.

Usiku wa tarehe 25 Machi, 1655, aliielekeza Zohali darubini yake ya futi 12. Kando ya sayari ile akaona kinyota. Mwingine angalisema ni nyota kama nyota nyingine, akaenda zake kulala. Huygens alirudi siku zilizofuata, akaona kinyota kile hakiachani na Zohali: mara kipo upande huu, mara upande wa pili. Akapiga hesabu, akakuta kinaizunguka kwa siku 16 hivi. Naam, ulikuwa mwezi!

Kwa kuchelea kunyang'anywa sifa, aliwapelekea wenzake habari kwa fumbo la herufi zilizovurugwa, hata akaitangaza wazi mwaka 1656. Mwaka huo huo alibuni saa inayoongozwa na timazi linaloyumba, wakati ambapo saa nyingi zilikuwa zikikosea hata robo saa kwa siku. Na mwaka 1659 alitoa kitabu kueleza kwamba yale yaliyoonekana kama masikio ya Zohali ni pete nyembamba, isiyoigusa sayari yenyewe mahali popote.

Lakini hapa, msomaji wangu, ndipo penye funzo. Siku zile sayari zilizojulikana, pamoja na hii yetu, zilikuwa 6. Miezi nayo: wetu mmoja, ya Mushtari minne, na huu wake mmoja, jumla 6. Sita na sita ni kumi na mbili. Huygens akavutiwa na ukamilifu wa hesabu hiyo, akaona hapana tena mwezi wa kutafutwa. Mtu aliyewashinda wenziwe kwa subira ya kutazama akaacha kutazama, kwa kuwa jumla ilimpendeza!

Mwaka 1666 aliitwa Paris kwenye chuo cha wataalamu cha Mfalme Louis wa 14. Huko huko Paris, mwaka 1671, mwenzake Giovanni Domenico Cassini, mzaliwa wa Italia, akauona mwezi wa pili wa Zohali. Mwaka 1672 akaona wa tatu, na mwaka 1684 akaongeza miwili. Leo iliyohesabiwa imepita 270.

Maradhi yalimsumbua Huygens miaka mingi. Mwaka 1681 alirudi kwao, na waziri aliyekuwa mlezi wake Ufaransa alipofariki mwaka 1683, hakurudi tena Paris. Alikufa The Hague tarehe 8 Julai, 1695, hana mke wala mtoto.

Mwezi wake ulipewa jina la Titan mwaka 1847. Upana wake ni kilomita 5,150, mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Una hewa nzito, nyingi yake ikiwa naitrojeni kama hewa yetu, na ukungu wa rangi ya chungwa unaoificha ardhi yake. Baridi yake hufika nyuzi 179 chini ya sufuri, hata gesi ya metheni huwa majimaji, ikanyesha mvua na kujaza mito na maziwa.

Mwaka 1997 chombo kiitwacho Cassini kilirushwa kwenda Zohali, kimebeba chombo kidogo kiitwacho Huygens. Tarehe 14 Januari, 2005, kile kidogo kilishuka Titan kwa mwavuli, kikaleta picha ya vijiwe vya mviringo mithili ya vile vya kando ya mto. Hivyo aliyeacha kutafuta na aliyeendelea kutafuta wakasafiri safari moja.

Nami kila niteremkapo pwani jioni ya mwandamo, nikasikia mtu akisema hapana cha kuonekana, turudini, humkumbuka Huygens, nikangoja kidogo.