Askofu Aliyehamishwa Mara Tano kwa Ajili ya Mtoto wa Bethlehemu

Kila ifikapo mwisho wa Desemba, mabasi ya kwenda mashambani hujaa pomoni, nauli hupanda na mbuzi wengi huiaga dunia. Watoto huvalishwa nguo mpya, na makanisa hufurika hata wengine wakasimama nje. Sina neno na furaha hiyo, kwani mja aliyehangaika mwaka mzima anastahili kupumzika. Hata hivyo, naona kuna swali moja ambalo twalipita mbio: je, yule mtoto tunayemwadhimisha alikuwa nani hasa? Yuko mwana mmoja wa Afrika ambaye jibu la swali hilo lilimgharimu amani ya maisha yake. Huyo ni Athanasius, askofu wa Alexandria, nchini Misri.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya tatu, na utoto wake uliangukia miaka ya mateso makali ambayo dola ya Kirumi iliwatendea Wakristo kuanzia mwaka 303. Mateso yalipokoma, mgogoro mwingine ulizuka ndani ya kanisa lenyewe. Kasisi mmoja wa Alexandria, jina lake Arius, alifundisha kwamba Mwana wa Mungu alikuwa kiumbe: bora kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe tu, mwenye mwanzo. Fundisho hilo liliwavutia wengi kwa kuwa lilionekana kuulinda utukufu wa Mungu. Mwenyezi aliye juu mno angewezaje kulazwa horini, kuona njaa na hatimaye kufa?

Mwaka 325 Kaisari Constantine aliwaita maaskofu katika mji wa Nicaea, ambao leo huitwa Iznik nchini Uturuki. Athanasius alihudhuria akiwa shemasi wa askofu wake. Baraza liliamua kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 328, shemasi huyo akawekwa kuwa askofu wa Alexandria. Hapo ndipo masaibu yake yalipoanza.

Mahasimu wake walimzushia mengi. Walidai kwamba alimuua askofu mmoja aitwaye Arsenius na kuukata mkono wake ili autumie katika uchawi. Maskini wa Mungu, Arsenius alipatikana yu hai, na mikono yake yote miwili! Shtaka hilo lilipoporomoka, likaja jingine: kwamba Athanasius alitishia kuzuia nafaka ya Misri isifike Constantinople. Kaisari, aliyejua vyema kwamba mji wenye njaa ni mji wa fujo, akampeleka uhamishoni Trier, katika nchi iitwayo leo Ujerumani. Huo ulikuwa mwanzo tu. Chini ya makaisari wanne alihamishwa mara tano, na jumla ya miaka yake ya uhamisho ilikuwa kama 17. Usiku mmoja wa Februari mwaka 356, askari walilivamia kanisa alimokuwa akiongoza ibada ya mkesha. Alinusurika, akatorokea jangwani, akafichwa na watawa kwa miaka ipatayo sita.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Kalamu yake ilikuwa kali, na wapinzani wake walimshutumu kwa kutumia mabavu. Lakini tujiulize: kwa nini mtu akubali kuishi kama mwindwa kwa ajili ya jambo ambalo wengine wangeliona kuwa mabishano ya maneno tu?

Jibu limo katika kitabu chake kifupi juu ya Neno kufanyika mwili. Anatoa mfano wa mfalme anayeingia katika mji mkubwa na kukaa katika nyumba moja tu. Kwa sababu ya nyumba hiyo moja, mji mzima hupata heshima, na wanyang'anyi huacha kuushambulia. Ndivyo ilivyo, asema, Mungu alipokaa katika mwili mmoja kati ya miili yetu. Anatoa pia mfano wa picha iliyochorwa ubaoni ikachafuka. Ubao hautupwi. Mwenye sura ile huja tena kukaa mbele ya mchoraji, ili picha yake ifanywe upya pale pale. Sura ya Mungu ndani ya binadamu ilikuwa imechafuka, na hapakuwa na mwingine wa kuifanya upya isipokuwa mwenye sura mwenyewe.

Nadhani sasa msomaji anaona uzito wa jambo. Iwapo Arius alisema kweli, basi Krismasi ni sikukuu ya mjumbe, na Mungu mwenyewe amebaki mbali, akitusikia kwa masimulizi. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Imani ya Athanasius ni kwamba Mungu amekilalia kitanda chetu: amejua baridi, jasho, machozi na kaburi.

Athanasius alifariki tarehe 2 Mei mwaka 373, akiwa nyumbani Alexandria. Ni yeye aliyemweka wakfu Frumentius kuwa askofu wa Aksum, na kwa hiyo kanisa la majirani zetu wa Ethiopia limeshika mizizi mkononi mwake.

Nionavyo mimi, anayeungama imani hii hana ruhusa ya kuudharau mwili wa mtu yeyote. Mgonjwa anayelala sakafuni kwa kukosa kitanda, mtoto wa mitaani aliyejifunika gunia, mfungwa anayepigwa gizani: wote hao wana mwili wa aina ile ile ambayo Mfalme alikaa ndani yake. Kuimba usiku wa mkesha kisha kumpita mtu kama huyo asubuhi ni kumfuata Arius bila kumjua. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikwisha kuja. Uponyaji ndio bado twausubiri, na huenda sehemu yake imewekwa mikononi mwetu.