Ernie Davis: wa kwanza kuchaguliwa, bila mechi hata moja

Katika futiboli ya Kimarekani, ile ambayo mpira hukimbizwa mkononi, timu za ligi kuu hupeana zamu kila mwaka kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya zaidi huchagua kwanza. Kwa hiyo anayechaguliwa mapema hudaiwa mengi, na asipoyatimiza huhesabiwa kuwa hasara. Ernie Davis alichaguliwa wa kwanza kabisa mwezi wa Desemba 1961, lakini hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Je, naye aandikwe upande wa hasara?

Davis alizaliwa tarehe 14 Desemba 1939 katika jimbo la Pennsylvania. Hakumjua baba yake. Alilelewa na wazazi wa mama yake huko Uniontown, na alipofikisha miaka 12 akamfuata mama yake Elmira, katika jimbo la New York. Kipaji chake kilionekana shuleni, na Chuo Kikuu cha Syracuse kikampokea. Huko alivaa namba 44, iliyovaliwa na Jim Brown kabla yake. Mwaka wa 1959 Syracuse ilishinda mechi zake zote ikawa bingwa wa taifa. Tarehe 1 Januari 1960, mjini Dallas, iliifunga Texas 23 kwa 14, naye Davis akatangazwa mchezaji bora wa siku hiyo. Mwaka wa 1961 alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata kabla yake.

Aliyemchagua ni timu ya Washington, ya mwisho katika ligi nzima kukosa mchezaji mweusi. Mwenye timu, George Preston Marshall, alikuwa amekataa kwa miaka mingi. Lakini uwanja wake mpya ulisimama juu ya ardhi ya serikali, na Waziri Stewart Udall alimwonya kwamba akiendelea na ubaguzi atafungiwa milango ya uwanja huo. Marshall akalegea. Jina la Davis likatajwa, kisha akabadilishwa na Cleveland, iliyomtoa Bobby Mitchell, mweusi pia, pamoja na mchezaji mwingine.

Cleveland ilitaka kumweka Davis bega kwa bega na Jim Brown. Katikati ya mwaka wa 1962, akijiandaa kwa mechi ya wachezaji bora wa vyuo, aliugua. Madaktari wakakuta saratani ya damu. Baadaye ugonjwa ulipopoa kidogo, mwenye timu Art Modell alitaka acheze, kocha Paul Brown akakataa. Davis alifariki tarehe 18 Mei 1963, akiwa na miaka 23.

Kwa hesabu ya uwanjani, Cleveland ilipata hasara: ilimtoa Mitchell, ikabaki mikono mitupu. Mitchell huyo aliongoza ligi kwa kudaka pasi mwaka ule ule wa 1962 akiwa Washington, na mwaka wa 1983 akaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Hata hivyo, hasara ya timu si kosa la mchezaji. Anayevunja matumaini ni yule aliyepewa nafasi akaichezea. Davis hakupewa nafasi, na waliomchagua hawakukosea, kwa sababu kila kilichoweza kuonekana mwaka wa 1961 kilimweka mbele ya wenzake wote.

Tena, hata bila kukanyaga uwanja, jina lake lilileta kitu. Kwa kumbadilisha yeye, Washington ilimpata Mitchell, na timu iliyowafungia weusi mlango ikaanza kuwategemea. Cleveland nayo iliistaafisha namba 45, aliyokuwa ameandaliwa. Jezi hiyo haikuchezewa mechi hata moja na mwenyewe, lakini timu iliona kwamba hakuna mwingine anayestahili kuivaa.