Adriano Atiman: Katekista na Daktari Aliyeiondolea Dawa Hofu

Kila asubuhi, katika lango la Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga, hupita akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo na vijana waliosafiri kutoka Laela, Matai au Namanyere. Wengi wetu hulitaja jina hilo bila kujiuliza ni la nani. Si jina la Kifipa, wala si la Kizungu. Ni jina la mtoto aliyeuzwa utumwani, akaja kuwatibu watu wa nchi hii kwa muda wa miaka 67. Yafaa tumkumbuke, kwa sababu alitufundisha jambo ambalo bado hatujalishika vema.

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Alipobatizwa alipewa jina la Adriano.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lililokuwa geni kwa wakati wake. Aliona kwamba Afrika ingeinjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba katekista mwenye ujuzi wa tiba angefika mahali ambapo mgeni asingefika. Kwa hiyo vijana kadhaa waliokombolewa utumwani walipelekwa katika kisiwa cha Malta kusomea uganga wa kisasa. Kardinali alitaka wapate elimu ya daktari, lakini waendelee kuishi kama Waafrika miongoni mwa Waafrika. Atiman alikuwa mmoja wao. Mwaka 1888 alijiunga na msafara wa wamisionari, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi.

Tukitaka kuielewa kazi yake, yatupasa kwanza kutazama jinsi watu wa karne ile walivyoiona dawa. Juu ya uwanda wa Ufipa waliishi wakulima wa ulezi, wafumaji wa nguo za pamba na wafua chuma hodari. Kwa mababu zetu hao, neno dawa lilikuwa pana. Ilikuwapo dawa ya homa na ya jeraha, na pia ya mawindo na ya shamba. Hata tanuru la kuyeyushia chuma halikuwashwa kabla ya mhunzi kuliwekea dawa zake, alizozitunza katika kikapu maalumu. Ugonjwa nao haukuhesabiwa kuwa jambo la mwili peke yake. Ulionekana kuwa ishara kwamba uhusiano na mizimu, na ukoo au na jirani umevurugika. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kando ya kitanda cha mgonjwa mara nyingi halikuwa anaumwa nini, bali ni nani aliyemfanyia hivi.

Tusidhani kwamba Ulaya ya wakati ule ilikuwa imekwisha kujua yote. Mwaka ule Atiman alipofika Karema, bado hapakuwa na mtu aliyethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu. Uthibitisho huo ulikuja mwaka 1897. Madaktari wengi walishika dhana ya zamani kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe la malaria katika Kiitaliano. Wamisionari walizikwa wakiwa vijana. Maaskofu wawili wa kwanza wa Tanganyika walifariki wakiwa wamepishana miaka miwili tu: Charbonnier mwaka 1888, na Bridoux mwaka 1890.

Vitabu vya wasafiri wa Ulaya navyo vilikuwa na picha zao. Mganga wa Kiafrika alichorwa mara kwa mara kama mtu wa kutisha, mwenye manyoya na hirizi. Mzungu alichorwa ameshika kasha la dawa, na wenyeji wamemzunguka kwa mshangao. Atiman hakuingia katika picha yoyote kati ya hizo. Alikuwa Mwafrika, aliyekuwa mtumwa, naye ndiye mwenye ujuzi. Mtu wa Karema alipofunguliwa jipu au kufungwa jeraha, mikono iliyomgusa ilikuwa na rangi kama ya mikono yake.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika miaka ile ya mwanzo misafara ya watumwa ilikuwa bado ikivuka ziwa, na Karema ilikuwa kimbilio la waliokombolewa na waliotoroka. Atiman alifahamu minyororo si kwa kusimuliwa, maana alipitia njia hiyo yeye mwenyewe. Baadaye ulikuja ugonjwa wa malale, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua wengi kandokando ya Ziwa Tanganyika. Vikafuata vita vikuu vya dunia na mabadiliko ya watawala, Wajerumani wakaondoka na Waingereza wakaingia. Katika hayo yote daktari alibaki pale pale, akitibu na kufundisha katekisimu.

Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitawala wa Wabende, na hivyo akawa mwana wa nchi kwa undugu pia. Mwana wao Yosefu alipewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1923, miongoni mwa mapadre wazalendo wa mwanzo katika Tanganyika. Baba aliyeuzwa kama bidhaa alimtoa mwanawe kwa Mungu akiwa mtu huru. Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina mwaka 1969 na kuwa Jimbo la Sumbawanga, na jina la daktari wake limebaki katika hospitali yetu.

Fundisho lake kwetu ni lipi? Atiman hakudharau miti na mizizi ya nchi, kwa maana Maandiko yenyewe, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, hufundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, na kwamba daktari astahili heshima. Alichokikataa ni hofu. Ibada yake ya kila siku ilikuwa kutibu mchana kweupe, bila siri na bila kumtafuta mkosaji. Mbele ya mgonjwa aliuliza unaumwa wapi, wala hakuuliza adui yako ni nani.

Wazee wetu husimulia kwamba jina la Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Tunalitamka kila siku, lakini je, tumeutupa? Bado wapo wanaomfikisha mtoto hospitalini siku ya saba, akiwa amekata maji, kwa kuwa siku sita za kwanza zilitumika kumtafuta mbaya wake. Bado katika nchi yetu wamo bibi vizee walionyooshewa kidole, hata wakauawa, kwa sababu ya macho yaliyoiva kwa moshi wa jiko. Hayo hufanyika pia katika nyumba za wabatizwa, nasi hatuna budi kulikiri hilo kwa haya.

Basi, tupitapo tena katika lango lile, tulitaje jina la Atiman kwa kufahamu. Mgonjwa apelekwe mapema, jirani asishukiwe, na mzee apewe ulinzi. Tumwombe Mungu awajalie waganga na wauguzi wetu moyo wa katekista huyu, na sisi atuondolee hofu ambayo tumeibeba kwa muda mrefu mno.