Mnyampala, Mgogo Aliyeiimba Enjili kwa Kiswahili



Vijana wenzangu, nadhani kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amewahi kusimama mbele ya mgeni rasmi akaghani ngonjera. Mimi niliisema yangu hapa Kigwa nikiwa darasa la nne, siku ya Kipaimara. Miguu ilikuwa inatetemeka. Mwenzangu wa upande wa pili alisahau ubeti wake, akanyamaza kimya, na mimi nikamjibu hivyohivyo kana kwamba ameshauliza. Watu walicheka hadi machozi, kisha wakatupigia makofi.

Miaka yote hiyo niliijua ngonjera kama ninavyoijua michembe, kitu ambacho kilikuwepo tu tangu zamani na hakina mwenyewe. Kumbe kina mwenyewe. Na mwenyewe ni Mkatoliki mwenzetu, mtu wa Ugogo, jina lake Mathias Mnyampala.

Niseme ukweli jinsi nilivyomfahamu. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa na daftari la mashairi, natunga usiku kwa tochi ya simu. Mwalimu mmoja, simtaji, akalishika siku moja, akasoma mistari miwili mbele ya darasa, halafu akaniambia kwamba ushairi ni wa watu wa pwani, sisi huku bara tujue tumbaku na asali inatutosha. Darasa zima likaangua kicheko. Nikalitupa lile daftari chooni, na kwa miaka minne sikuandika hata ubeti mmoja.

Sasa, katika kigango chetu tuna katekista mzee sana, sisi tunamwita Babu. Ijumaa Kuu moja, baada ya ibada, watu wengine walibaki kukesha. Babu akatoa kitabu chembamba kisicho na jalada, akaanza kughani habari za Mateso. Hakusoma kama tunavyosoma masomo ya Misa. Alikuwa anaimba taratibu, beti fupifupi, na kila ubeti ukaishia kwenye kina kilekile. Ilipofika kama ubeti wa kumi, akina bibi waliokaa kwenye mkeka, wengine hawajui kusoma kabisa, wakaanza kuimalizia naye silabi ile ya mwisho. Mimi nilisikia nywele zinanisimama. Nilipomuuliza Babu ni nani aliyetunga, akashangaa kwamba sijui.

Kabla ya kumweleza huyu mtunzi, ngoja niseme kidogo kuhusu njia yetu hapa, maana yeye na sisi tumeunganishwa na njia moja. Misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaingia Ugogo ambako wenye nchi walidai hongo kabla ya kumruhusu mtu kunywa maji ya visima vyao. Ukitoka hapo ni pori la Mgunda Mkali, kisha Tura, Rubuga, Kigwa, hadi Tabora. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Mapadre wa kwanza wa White Fathers nao walipita mwaka 1878, na mmoja wao alifia njiani, huko Ugogo. Mizigo mingi ilibebwa na babu zetu Wanyamwezi. Tunazungumza kila siku kuhusu pembe za ndovu na shanga, na tunasahau kwamba ndani ya mizigo ile kulikuwa na kitu kingine kisichodaiwa hongo. Kiswahili. Kilipanda kutoka pwani kwa miguu, kituo hadi kituo, mpaka Ujiji na Kongo.

Na kiongozi wa wapagazi aliitwa nani? Mnyampara. Sisemi ukoo wa mshairi wetu ulipata jina huko, sina ushahidi huo, lakini kila nikiliona jina lake kwenye kitabu namwona mtu amesimama mbele ya msafara.

Alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, karibu na Dodoma. Hebu fikirieni mwaka huo. Vita Kuu ya Kwanza inaendelea. Tabora imeshachukuliwa na Wabelgiji tangu Septemba 1916. Majeshi yamepita Ugogo, Wajerumani kwanza halafu Waingereza, kila mmoja akichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Ikaja njaa ambayo Wagogo mpaka leo wanaiita Mtunya, iliyodumu hadi 1920. Inakadiriwa iliua watu 30,000 katika wilaya ya Dodoma iliyokuwa na watu wapatao 150,000. Mtoto mmoja kati ya wale walionyonya katika njaa hiyo na kubaki hai ndiye huyu. Mimi nikisoma habari hizi huwa nafunga kitabu kidogo.

Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake kama mtoto yeyote wa Kigogo. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kigogo, na kama umewahi kuwasikia Wagogo wakiimba, zile sauti zinazopandana, basi unajua kwamba mtoto wa kule hajifunzi mapigo shuleni, anakuja nayo. Kusoma na kuandika alikupata kwa wamisionari Wakatoliki. Akawa Mkristo, akaitwa Mathias. Mnamkumbuka Mathias wa Matendo ya Mitume? Yule aliyepigiwa kura kuchukua nafasi ya Yuda, wakati wale wengine walikuwa mitume tangu mwanzo. Mtume aliyechelewa kuingia. Sidhani kuna jina lingine lingemfaa zaidi.

Maana katika ushairi wa Kiswahili naye aliingia kwa kuchelewa, tena kwa mlango wa nyuma. Ushairi ule ulikuwa na wenyewe. Ulikuwa na karne nyingi za tenzi za Kiislamu kutoka Lamu, Pate na Mombasa, una msamiati wa Kiarabu, una sheria zake za vina na mizani ambazo mtu wa pwani alizinyonya nyumbani. Mgogo Mkatoliki anaanzia wapi? Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alifanya kazi serikalini, ukarani, na baadaye akawa hakimu. Mchana mafaili na kesi za watu, mashairi yakingoja saa zake.

Alichofanya ni kujifunza. Hakulalamika kwamba sheria za ushairi ni za wengine. Alizikalia mpaka zikawa zake. Siku hizo washairi walikutana magazetini, hasa kwenye Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. Huyu anatupa fumbo, yule wa mkoa wa mbali analijibu toleo lijalo, na ukikosea mizani unasutwa mbele ya nchi nzima. (Nyinyi mnaoogopa komenti, hebu wafikirieni hao.) Humo ndimo watu wa bara walipopata nafasi ya kupimwa kwa kazi yao. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwisho wa njia yetu hii hii, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka huohuo Mnyampala alitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Watu wawili wa bara, mmoja Mwahmadiya na mmoja Mkatoliki, mwaka mmoja. Mwalimu wangu yule angesemaje?

Kitabu cha Wagogo alikiandika kwa Kiswahili ili watu wa makabila mengine wawajue watu wake. Mwaka 1961 kikaja Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Sisi watu wa Tabora, wenye mizinga kila pori, tungepaswa kukijua hicho hata kwa jina tu! Kisha diwani yake ya mashairi, na mwaka 1963 kile kitabu chembamba cha Babu, Utenzi wa Enjili Takatifu. Miaka miwili baadaye akawa amezigeuza tenzi na Zaburi.

Hapa nataka nikae kidogo.

Utenzi una vipande vinne katika kila ubeti. Kila kipande kina mizani 8, haipungui wala haizidi. Vipande vitatu vya kwanza vinalingana vina, na cha nne kinabeba kina kimoja kinachotoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikiwa mamia. Sasa chukua Enjili uijaze humo. Yerusalemu peke yake imeshakula mizani 5, unabakiwa na 3 za kusema kilichotokea huko. Na huwezi kubadilisha kilichotokea ili upate kina! Kwenye shairi la mapenzi ukikosa kina unabadilisha wazo tu, nani atajua. Kwenye maneno ya Bwana huna ruhusa hiyo. Mtu wa namna hii anasoma mstari mmoja wa Enjili mara ngapi kabla ya kuupata ubeti? Nafikiri hapo ndipo sala yake ilipokuwa.

Na angalieni wakati. Misa ilikuwa bado inasaliwa kwa Kilatini. Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia, iliyofungua mlango wa lugha zetu, ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Yaani hakimu mmoja mlei, Dodoma, alikuwa ameshaitoa Enjili kwa mtindo wa kuimbwa, kwa lugha ambayo bibi kwenye mkeka anaielewa, wakati altareni bado padre anasali kwa Kilatini. Na aliutumia mtindo uliolelewa na Waislamu wa pwani. Hakuona aibu kuuazima. Alijua unakaa kichwani, na kwa watu wengi wa zama zake kichwa ndicho kilikuwa kitabu pekee.

Ngonjera zilikuja mwishoni. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba wasaidie kueleza siasa mpya kwa wananchi. Mnyampala alikuwa mmoja wa vinara wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera. Ni majibizano. Mmoja hajui au anabisha, mwingine anaelewesha, na mwisho wanakubaliana. Shule zote zikazichukua.

Nitasema ninavyoona, mkinipinga sawa. Baadhi ya ngonjera zile ukizisoma leo unasikia hotuba ya mkutano wa hadhara iliyovalishwa vina. Yule mbishi anashindwa haraka mno, maana mshindi ameshapangwa. Wazee wetu waliohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wangekuwa na maswali magumu zaidi ya yale. Mnyampala hakuyaona hayo, alifariki Juni 1969 akiwa na miaka 51. Aliiamini ile nchi mpya kwa moyo mzima, na mtu aliyezaliwa ndani ya Mtunya akisikia serikali inaahidi kwamba hakuna atakayeachwa na njaa peke yake, mimi siwezi kumcheka kwa kuamini. Lakini nikiambiwa nichague kitabu kimoja cha kuokoa nyumba ikiungua, nachukua cha Babu.

Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka 1970 na 1971, yeye hayupo tena. Aliacha pia habari za maisha yake mwenyewe alizoziandika, nazo zilingoja mpaka mwaka 2013 zikatoka kitabuni. Alikuwa ameziita Maisha ni Kugharimia.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la kwetu Tabora. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa na kufundisha Mt. Maria katika miaka ya 1940, alipokuwa mzee ameshatoka Ikulu, alikaa akaziandika Enjili zote nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi. Zilitoka mwaka 1996. Mtu aliyeongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20, anahesabu mizani nane nane kule Butiama, katika kazi ambayo hakimu wa Dodoma alikuwa ameianza zaidi ya miaka 30 kabla yake. Leo mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenyeheri unaendelea, na sijui ni wangapi kati yetu tunaosali sala yake tumewahi kuzifungua zile tenzi.

Nilirudi kwa Babu wiki ile ya Pasaka na daftari jipya. Hakunisifu. Alihesabu mizani kwa vidole, akanionyesha palipozidi, akanirudishia. Kwaresima hii mimi na dada wawili wa VIWAWA tunaandaa Njia ya Msalaba kwa ngonjera: mmoja ni mpita njia asiyejua huyu anayebeba msalaba ni nani, wengine wanamjibu, na tumekubaliana mpita njia wetu asishindwe upesi. Vituo saba vimekamilika. Tumekwama cha nane, cha wale akina mama wanaolia, kwa sababu ya lile jina la mji wao. Mizani 5, tumebakiwa na 3. Jumamosi baada ya jumuiya tunakutana tena chini ya mwembe wa kigangoni, mwenye wazo aje nalo.