Baker wa Watu wa Miti: Mwingereza aliyeapisha vijana kulea mche baada ya kuupanda

KILA mwaka masika yanapoingia katika vilima vya Kedowa, karibu na Londiani katika kaunti ya Kericho, miche hutolewa vitaluni na kupelekwa mashambani. Kuna miche ya chai, ya saiprasi, ya mtarakwa na ya miti mingine ya asili. Siku ya kupanda huwa na shamrashamra. Siku zinazofuata huwa kimya, na ndizo zinazoamua iwapo mche utaishi au utakauka.

Sababu yake yafahamika kwa kila mtunza kitalu. Mche unapong'olewa au kutolewa kwenye kiriba, vinyweleo vya mizizi hukatika, hali majani yanaendelea kupoteza maji kwa jua na upepo. Maji ya kwanza baada ya kupandikiza hufanya kazi mbili: huukata mche kiu, na huufanya udongo ushikamane na mizizi na kuziba mianya ya hewa. Baada ya hapo mche huhitaji kivuli, matandazo na unyevu wa kadiri, kwa kuwa mizizi iliyojeruhiwa huoza ikizamishwa majini.

Wajapani wanaolea miti midogo ya bonsai ndani ya vyungu hufuata kanuni iyo hiyo. Kila wanapobadilisha udongo na kupunguza mizizi, humwagilia taratibu hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha huuweka mti mahali pasipo jua kali wala upepo kwa majuma kadhaa.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtu mmoja alijaribu kuifanya kazi hiyo ya kulea miti kuwa kiapo cha hadharani. Alikuwa Richard St. Barbe Baker, afisa wa misitu Mwingereza aliyeanzisha nchini Kenya chama kilichopewa jina la Kiswahili, Watu wa Miti.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, kusini mwa Uingereza katika jimbo la Hampshire. Baba yake alikuwa na kitalu cha miti na pia alikuwa mhubiri. Mtoto huyo alikulia kati ya matuta ya miche, akajifunza kupanda mbegu, kuhamisha na kumwagilia kabla hajajua kwamba kazi hiyo ingekuwa ndiyo riziki na sifa yake.

Akiwa kijana alivuka bahari kwenda Canada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipokuwa kingali kichanga, na kwa muda akafanya kazi ya kukata miti. Huko aliona mashamba makubwa yaliyofyekwa miti yote, na jinsi upepo ulivyopeperusha udongo wa juu. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka alijiunga na jeshi la mizinga, akajeruhiwa Ufaransa na mwaka 1918 akaondolewa vitani. Baada ya kupona alisomea misitu katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Aliwasili Kenya mwaka 1920, akiwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu. Koloni aliyoikuta ilikuwa na njaa ya mbao, kuni na ardhi. Reli iliyopanda Mau na kuteremka kupitia Londiani ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na garimoshi zake zilichoma kuni. Miti ya asili iliyochukua miaka mingi kukua ilikatwa kwa siku chache ikawa moshi. Idara ya Misitu ilitarajiwa kuhakikisha kwamba kuni na mbao hazikosekani.

Huko Kericho kwenyewe, wakati huo huo, serikali ilikuwa imetenga ekari 25,000 za ardhi kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukafa baada ya muda mfupi. Ardhi hiyo haikurudi mikononi mwa Wakipsigis. Miaka michache baadaye ilitwaliwa na makampuni ya chai, na vilima vikavikwa kijani kinachoonekana hadi leo.

Katika hali hiyo idara ilitumia utaratibu uliojulikana kama mfumo wa shamba. Mkulima asiye na ardhi aliruhusiwa kulima mahindi na maharagwe katika eneo lililokatwa miti, kwa sharti kwamba aipalilie na kuitunza miche iliyopandwa humo. Kwa miaka mitatu au minne jembe moja lilihudumia chakula na miti. Miti ilipokua na kutanda kivuli, mkulima alihamishwa, akaanza upya kwingineko. Serikali ilipata msitu kwa gharama ndogo. Aliyeulea hakubaki na hata tawi.

Baker alipewa kazi katika nchi ya Wakikuyu na akapiga kambi Muguga, magharibi mwa Nairobi. Alianzisha kitalu, akaotesha miche kwa wingi, lakini akatambua haraka kwamba watumishi wachache wa serikali hawangeweza kuitunza miti ikishatawanywa vijijini. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa haba. Alihitaji watu ambao wangerudi kwenye mche siku ya pili, ya tatu na ya kumi bila kusimamiwa.

Alipozungumza na wazee, walimjulisha kwamba kuotesha miti ni kazi ya Mungu, kwa maana misitu ilikuwapo tangu mababu na ilijizalisha yenyewe. Baker aliwaeleza kuwa miti mikubwa yenye kutoa mbegu ilikuwa ikikatwa, hivyo msitu usingeweza tena kujirudisha. Aidha, aliona kwamba jamii hiyo ilikuwa na ngoma za kupanda maharagwe na za kuvuna mahindi, ila hapakuwa na ngoma ya miti. Akapendekeza iwepo.

Ngoma hiyo ilifanyika Julai 22, 1922. Maelfu ya vijana walifika Muguga wakiwa wamejipamba, na mashindano yakafanyika mbele ya wazee. Aliyeshirikiana na Baker kwa karibu alikuwa Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya huru. Vijana 50 walichaguliwa kuwa wa kwanza kuapishwa.

Waliapa mbele ya Ngai kutimiza mambo matatu: kuulinda msitu wa asili, kupanda miti kumi kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Ahadi ya pili ndiyo hukumbukwa sana kwa sababu ina hesabu ndani yake. Ahadi ya tatu haina hesabu, nayo ndiyo nzito zaidi. Kupanda miti kumi ni kazi ya asubuhi moja. Kuitunza ni kazi ya miaka: kuleta maji jua linapochoma, kupalilia, kufukuza mbuzi na kuziba pengo la mche uliokufa.

Mwaka wenyewe ulikuwa mchungu. Miezi minne tu kabla ya ngoma hiyo, Machi 1922, Harry Thuku alikuwa amekamatwa kwa kupinga kipande, kodi na kazi ya lazima, na waandamanaji waliodai aachiliwe wakapigwa risasi na kuuawa jijini Nairobi. Kwamba vijana wa Kikuyu walikubali kuapa pamoja na afisa wa serikali iyo hiyo ni jambo la kushangaza. Pengine yatosha kusema kwamba waliapa mbele ya Ngai na wazee wao, na miti ilikuwa ya kupandwa kwao wenyewe.

Baker hakudumu muda mrefu katika utumishi huo. Siku moja afisa mwenzake wa Kizungu alitaka kumpiga Mwafrika, naye akajitia kati na pigo likamwangukia begani. Kitendo hicho kilimkosanisha na wakubwa wake, na hatimaye akaondoka Kenya. Mwaka 1924 alianzisha chama hicho Uingereza, na tangu mwaka 1925 alifanya kazi ya misitu nchini Nigeria hadi mwishoni mwa mwongo huo.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya safari. Mwaka 1929 alikwenda Palestina kuhimiza upandaji wa miti. Marekani alisaidia katika harakati za kuokoa misitu ya miti mikubwa ya redwood ya California. Kati ya 1952 na 1953 aliongoza msafara wa kuvuka jangwa la Sahara, akitaka kuonyesha kwamba mchanga unaweza kuzuiwa kwa ukanda wa miti. Mwaka 1963, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alisafiri New Zealand juu ya farasi akizungumza na watoto wa shule kuhusu miti. Aliandika vitabu vingi, kimojawapo kikiwa Kabongo cha mwaka 1955, kinachosimulia maisha ya chifu wa Kikuyu.

Si kila alilolitaka lilitimia. Sahara haijageuka msitu. Kenya nako, misitu aliyotaka ilindwe iliendelea kukatwa, kwanza na wakoloni na baadaye na Wakenya wenyewe. Msitu wa Mau, unaolisha mito ya Kericho na Bomet na kuwapa wakulima wa chai mvua yao, uligawanywa na kufyekwa kwa miongo kadhaa. Kikosi kazi cha serikali kilipoutazama mwaka 2009, madhara yalikuwa yameenea mbali.

Lakini wazo lake lilipata mrithi. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wanawake wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji jijini Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Miti mitano kati ya hiyo saba ilikufa. Maathai alijifunza kutokana na hasara hiyo, na vuguvugu lake likaja kuwalipa wanawake kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche ulioshika, badala ya kuwalipa kwa kupanda tu. Ilikuwa ni ahadi ya tatu ya Muguga, ikiwa imepewa hesabu hatimaye.

Baker alipanda mti wake wa mwisho Saskatoon, Canada, katika chuo alichosomea ujanani, kuadhimisha Siku ya Mazingira Duniani ya mwaka 1982. Siku chache baadaye, Juni 9, alifariki akiwa na umri wa miaka 92. Akazikwa mjini humo. Chama chake kingaliko, kikijulikana kwa jina la International Tree Foundation, na kingali na shughuli nchini Kenya.

Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuotesha miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti. Lengo la siku hiyo lilikuwa miche milioni 100. Idadi kama hizo hutangazwa kwa urahisi siku ya kupanda. Huulizwa mara chache kiangazi kikishapita.

Huko Kedowa na vilima jirani, kipindi cha majaribio ni kuanzia Desemba hadi Februari, mvua zinapopungua na upepo mkavu kuvuma. Mche uliotiwa ardhini wakati wa masika na ukapata maji na matandazo huwa umeshusha mizizi ya kutosha kujitegemea. Ule uliosahaulika hubaki kijiti kando ya njia, na shimo lake husubiri mche mwingine mwaka unaofuata. Vijana 50 wa Muguga waliapa kutouacha mche ufikie hapo.