Maisha ya Daktari Denis Burkitt

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 jiwe lilimpiga usoni, akapoteza jicho moja. Hata hivyo alisoma akawa daktari mpasuaji, akaja Uganda mwaka 1946, kwanza Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Baadaye akaona mwingine, akataka kujua sababu. Aliandika barua kwa hospitali nyingi, akatia alama katika ramani. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili walifunga safari ya motakaa ya maili 10,000, kwa majuma kumi. Ramani ilionyesha kuwa saratani hiyo hupenda nchi za joto na mvua. Katika milima ya Kigezi, jirani ya Ankole yetu, ilikuwa haba. Siku hizi twajua kuwa huletwa na virusi pamoja na malaria ya mara kwa mara.

Mulago ya siku zile haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa. Burkitt akajaribu dawa, kama methotreksati na siklofosfamaidi. Watoto wengine walipona kabisa kwa dozi chache.

Siklofosfamaidi hugeuzwa katika ini, kisha huharibu nyuzi ambazo chembe huzihitaji ili kuzaana. Tena huzidisha ndani ya chembe oksijeni kali, ambayo hula kama kutu ilavyo chuma. Chembe nayo ina ngao yake, iitwayo glutathioni. Ngao ikipungua, chembe ya saratani hufa. Ikiwa nene, dawa hushindwa. Kwa hiyo mgonjwa asimeze vidonge vingi vya vitamini bila kumwambia daktari, asije akaikinga saratani yenyewe. Chembe nzima pia huumia, hasa za kibofu, ndiyo maana huambiwa anywe maji mengi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafa mwaka 1993.

Wasomaji, hapa Nakivale malaria ingali nyingi, na uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili. Nduguyo mdogo akivimba taya, usiseme ni jino tu, wala usingoje nauli ya mwezi ujao. Mpelekeni kituo cha afya upesi, apate kupelekwa hospitali kubwa ya Mbarara. Maradhi haya hutibika, lakini hayangoji.